Mashudu: Chakula Kisaliacho Baada ya Kukamua Mafuta

Maelezo kwa wakulima wadogo wa Dodoma na nyanda za kati

1. Neno la kwanza

Ndugu wakulima, kila mwaka mvua zikiisha na mavuno yakiingia nyumbani, watu wa Dodoma, Kongwa, Mpwapwa, Bahi na Kondoa huchukua magunia ya alizeti kwenda mashineni. Huko mbegu hukamuliwa, na mwenyewe hurudi nyumbani na dumu lake la mafuta, moyo umetulia. Mashudu huyaacha kwa mwenye mashine, ama kwa kuwa hayataki, ama kwa kuwa yamehesabiwa kuwa sehemu ya ujira. Baadaye mashudu hayo hupakiwa katika magari, yakaenda kulisha ng'ombe na kuku wa mahali pengine, hata wa nchi jirani. Ukimwuliza mwenye dumu, "Umeacha nini huko?" atakujibu, "Nimeacha makapi tu."

Nimeandika maelezo haya ili nionyeshe mambo mawili. Jambo la kwanza, hayo si makapi. Ni chakula, na katika mambo mengine ni chakula chenye nguvu kuliko kile kilichomo ndani ya dumu. Jambo la pili, chakula hicho hicho kikitunzwa vibaya hugeuka kuwa sumu, na sumu hiyo imekwisha kuua watu katika mkoa wetu. Haifai kumfundisha mtu jambo la kwanza na kumficha la pili. Kwa hiyo nakuomba, msomaji, usome mpaka mwisho kabla hujaanza kufanya lolote.

2. Mafuta ya nchi mbalimbali na masalio yake

Wengi wetu tumesikia habari za mzeituni. Katika nchi zilizo kando ya Bahari ya Kati, kama Hispania, Italia na Ugiriki, watu wamekamua zeituni tangu zamani sana. Masalio ya zeituni ni machungu, tena yamechanganyika na kokwa ngumu. Kwa hiyo si chakula cha watu. Huchomwa kama kuni, hupewa mifugo kwa kiasi, au hurudishwa shambani kuwa mbolea.

Katika pwani yetu, mwanamke akiisha kukamua tui la nazi, hubaki na chicha. Naye mwenye akili haitupi: huwapa kuku. Huko kaskazini mwa Nigeria, Wahausa wakiisha kukamua mafuta ya karanga, mashudu yake huyafinyanga, huyakaanga, wakayauza sokoni kwa jina la kulikuli. Na watoto kwa wakubwa huyala kwa furaha. Katika kisiwa cha Java, mashudu ya karanga huchachushwa yakawa kitoweo kiitwacho oncom.

Basi sisi wa nyanda za kati hatuna mashamba ya mizeituni, lakini katika habari hii ya masalio tumepata bahati kuliko wenye mizeituni. Tuna karanga, ufuta na alizeti, na mbegu zote tatu huacha masalio yanayoweza kujenga mwili wa mtu au wa mnyama. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilileta matrekta Kongwa ili kulima karanga kwa wingi, maana baada ya vita watu wa kwao walikuwa na upungufu wa mafuta. Mvua zilikuwa chache, udongo ulikauka ukawa mgumu kama tofali, na mwaka 1951 mradi ule uliachwa, baada ya kupotea pauni zipatazo milioni 36. Lakini karanga hazikuondoka Ugogo. Wagogo walizilima kabla ya matrekta hayo, pamoja na njugu mawe, na mpaka leo wanazilima kwa jembe la mkono. Mradi ulikufa, mbegu ikabaki.

3. Mashudu yana nini ndani yake

Karanga iliyomenywa, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na karibu robo ni chakula cha kujenga mwili, ambacho madaktari hukiita protini. Ukiisha kuyatoa mafuta, ile protini haitoki. Hubaki katika mashudu. Kwa sababu hiyo mashudu ya karanga yaliyokamuliwa vema huwa na protini inayokaribia nusu ya uzito wake. Ufuta nao ni hivyo: nusu yake ni mafuta, na katika mashudu yake protini hufika kama sehemu 40 katika 100. Alizeti ikikamuliwa pamoja na maganda yake, mashudu huwa na protini kama sehemu 25 hadi 30 katika 100, na maganda mengi magumu.

Sasa linganisha na chakula chetu cha kila siku. Mtama, uwele na mahindi vina protini kama sehemu 8 hadi 12 tu katika 100. Maana yake ni kwamba mtu mzima aliyeshiba ugali hushiba kweli, lakini mtoto mdogo, ambaye tumbo lake ni dogo na mwili wake unakua, aweza kushiba ugali kila siku na bado mwili wake ukakosa vya kujengea.

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Kwa kawaida kilo 100 za alizeti nzuri hutoa mafuta kilo 25 hadi 35. Sehemu kubwa ya zinazobaki, kilo 60 na zaidi, ni mashudu. Basi yule anayerudi na dumu peke yake ameacha huko zaidi ya nusu ya uzito wa mazao yake.

4. Faida zake kwa afya

Mwaka 1933 daktari mwanamke aitwaye Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za ugonjwa wa watoto ambao wenyeji waliuita kwashiorkor. Mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa, akalishwa uji mtupu wa nafaka, huvimba miguu, nywele zake hubadilika rangi, ngozi hubabuka, naye hununa wala hataki kucheza. Ugonjwa huo twaujua hapa pia. Tena kuna dhara lisiloonekana upesi: mtoto hudumaa, yaani kimo chake hakifikii kimo cha wenziwe wa umri ule. Katika hesabu iliyochukuliwa Tanzania mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walionekana wamedumaa.

Mashudu safi ya karanga, yakitiwa katika uji na mboga, husaidia kuziba pengo hilo. Lakini hayatoshi peke yake, na sababu yake nitaieleza kwa mfano. Nyumba ya tembe hujengwa kwa nguzo, boriti, fito na udongo. Ukiwa na nguzo 100 bila fito, hujapata ukuta. Protini nayo ina sehemu nyingi, na kila chakula kina baadhi yake kwa wingi na nyingine kwa uchache. Mtama na karanga vyote viwili vimepungukiwa na sehemu moja iitwayo lisini. Kunde, maharage na choroko vina lisini nyingi. Ufuta na alizeti vina sehemu nyingine, methionini, ambayo karanga na kunde hazinayo ya kutosha. Kwa hiyo mtama, mashudu na kunde vikikutana katika chungu kimoja, kila kimoja hufidia upungufu wa mwenziwe. Wataalamu wa Mysore katika India walilijua jambo hili, wakatengeneza chakula cha kulisha maskini kwa unga wa mashudu ya karanga sehemu 3 na unga wa dengu sehemu 1.

Faida ya pili ni vitamini za jamii ya B, hasa ile iitwayo niasini. Vitamini hizo haziyeyuki katika mafuta. Kwa hiyo mafuta yakitoka, zenyewe hubaki katika mashudu. Mtu akikosa niasini hupata ugonjwa wa pelagra: ngozi inayopigwa na jua huwa nyeusi na kubabuka, tumbo huharisha, hatimaye akili huchafuka. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikuwa wakilishwa mahindi. Karanga zilipokatika katika posho yao, watu zaidi ya 17,000 waliugua pelagra. Watu wale walikuwa na mahindi ya kula; kilichokosekana ni zile karanga chache za kila siku.

Hata hivyo, mashudu si dawa ya kila kitu. Hayana vitamini A wala vitamini C. Hizo zitafutwe katika majani mabichi, maboga, maembe na ubuyu. Wala msimsadiki mchuuzi awaambiaye kwamba mashudu huponya kisukari au saratani. Ni chakula, na sifa ya chakula yatosha.

5. Kukamua karanga nyumbani na kupata mashudu ya kuliwa na watu

Mashudu ya mashine ya kijiji hayafai kuliwa na watu. Mashine hiyo hukamua mbegu za watu wengi bila kuchagua, na mashudu huanguka sakafuni, yakazolewa pamoja na vumbi. Mashudu ya kuliwa yatengenezwe nyumbani, kwa karanga ulizozichagua kwa mikono yako. Kazi yenyewe ni hii:

(a) Menya karanga, kisha uzichague moja moja juu ya ungo mahali penye mwanga. Zitoe zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, na zenye kuvu. Usifanye haraka katika hatua hii. Ndiyo hatua inayolinda maisha.

(b) Zikaange kidogo katika chungu mpaka ganda jembamba jekundu litoke likifikichwa. Fikicha, pepeta.

(c) Twanga katika kinu, kisha saga juu ya jiwe mpaka ziwe laini kama uji mzito.

(d) Tia katika sufuria, nyunyiza maji ya moto kidogo kidogo huku ukikanda kwa nguvu. Mafuta yataanza kujitenga na kuelea. Yamimine katika chombo kingine. Endelea kukanda na kukamua kwa mikono iliyooshwa mpaka yasitoke tena.

(e) Yachemshe yale mafuta mpaka maji yaliyomo yaishe na milio ya kutatarika inyamaze. Yatakaa bila kuharibika upesi.

(f) Donge lililobaki ndilo mashudu. Kwa kuwa limetiwa maji, halitakaa hata siku mbili. Lipikwe siku ile ile, au likaangwe, au likaushwe mara moja.

6. Namna ya kuyapika

Katika mboga. Chukua donge la kadiri ya yai kwa sufuria ya watu 5 au 6, liyeyushe katika maji ya vuguvugu, ulitie katika mlenda, majani ya kunde au majani ya maboga yanapokaribia kuiva. Koroga, acha lichemke kwa muda. Mboga itakuwa nzito na tamu, wala hutahitaji karanga nzima.

Kulikuli. Changanya mashudu na chumvi kidogo, na pilipili au tangawizi ukiipenda. Yafinyange kama vidole vyembamba, uyakaange katika sehemu ya mafuta yake mwenyewe mpaka yawe ya rangi ya kahawia na makavu kabisa. Yakipoa yatie katika mkebe wenye kifuniko. Hufaa kwa mtoto aendaye shule na kwa mtu aendaye shambani mbali. Mwanamke anayejua kuyakaanga vizuri aweza pia kupata fedha sokoni.

Unga wa uji. Yatandaze mashudu membamba juu ya ungo safi katika jua kali, yafunike kwa kitambaa chepesi ili inzi wasitue, mpaka yawe makavu na kuvunjika kwa mlio. Twanga na kuchekecha. Kwa uji wa mtoto tumia vijiko 4 vya unga wa uwele au mtama, kijiko 1 cha unga wa mashudu, na kijiko 1 cha unga wa kunde zilizokaangwa. Pika mpaka uive sawasawa.

Hapa nina maonyo matatu. La kwanza, mtoto asipewe uji wowote kabla ya kutimiza miezi 6. Mpaka hapo maziwa ya mama yamtosha. La pili, wako watu wachache ambao miili yao huikataa karanga. Basi mwanzo mpe mtoto kidogo sana, umtazame, na akivimba uso au akipumua kwa shida mpeleke hospitali upesi. La tatu, kumbuka kuwa mashudu yamepoteza mafuta, na mtoto anahitaji mafuta ili apate nguvu. Kwa hiyo tia kijiko kidogo cha mafuta katika bakuli lake. Tumeyatenganisha kwa ajili ya kuhifadhi na kuuza. Katika bakuli la mtoto tunayakutanisha tena.

7. Ufuta na alizeti

Mashudu ya ufuta yana uchungu kidogo kutokana na ganda lake. Yakitoka katika mbegu zilizooshwa mchanga na kuchaguliwa, hufaa katika mboga kwa kiasi kidogo, nayo husaidiana vema na kunde.

Mashudu ya alizeti yenye maganda si chakula cha mtu, maana tumbo la mtu haliwezi kuyasaga maganda yale. Ukitaka kuila alizeti nyumbani, itwange polepole ili ganda lipasuke, ipepete, kisha usage viini peke yake na kukamua kama karanga. Kazi hiyo huchosha, na mtu mwenye karanga hana haja nayo. Ukiifanya, angalia jambo moja: usitie unga wa alizeti katika mlenda uliotiwa magadi. Ndani ya alizeti kuna kitu kinachogeuka rangi ya kijani kikikutana na magadi. Chakula hicho si sumu, ila kitawachukiza walaji, na nguvu ya protini yake hupungua.

8. Hatari ya kuvu

Watu husema kwamba akiba haiozi. Lakini mashudu ni akiba inayooza, na jambo hili nililijifunza kwa hasara ya mtu mwingine, ambayo mimi mwenyewe niliisababisha.

Nilipokuwa kijana katika kazi hii ya kufundisha kilimo, nalifika katika kijiji kimoja cha upande wa Mpwapwa. Mzee mmoja alikuwa na bata wengi, akaniuliza awalishe nini ili wanenepe. Nikamwambia anunue mashudu ya karanga. Nikamweleza faida zake zote, kama nilivyokuelezeni hapo juu. Sikumwambia neno hata moja juu ya kuyatunza. Akanunua magunia 2, akayaweka juu ya sakafu ya udongo, yakiegemea ukuta wa tembe. Mwezi wa Januari mvua ilipiga, paa likavuja. Mashudu yakashika kuvu upande mmoja. Mzee akawa akibandua sehemu zenye rangi ya kijani na kuzitupa, na zilizobaki akawapa bata.

Nilipopita tena, hapakuwa na bata. Walianza kufa vifaranga, kisha wakubwa. Mzee hakunitukana. Alinipeleka mpaka kwenye banda lililo tupu, akasema, "Bwana shamba, chakula chako kimekula bata wangu." Nikaomba radhi, lakini kilichonitia hofu zaidi ni neno la mkwewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Alisema kwamba naye alikuwa akichota katika gunia lile kwa ajili ya mboga, kisha akaacha kwa sababu ilikuwa chungu. Yule mtoto hakuonyesha ugonjwa machoni petu. Lakini tangu siku ile sijataja faida za mashudu mbele ya mtu yeyote bila kutaja kuvu.

Habari ya bata wale ilikuwa imekwisha kutokea ulimwenguni kwa ukubwa zaidi. Mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na watu hawakujua sababu. Wataalamu walichunguza, wakagundua kuwa walilishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil yaliyokuwa na kuvu. Kuvu hilo hutoa sumu, nasi leo twaiita sumukuvu. Na mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walianza kuugua: macho yao yakawa ya manjano, matumbo yakavimba, wakatapika. Watu wapatao 20 walikufa. Chanzo kilikuwa sumukuvu katika mahindi waliyokula majumbani mwao. Basi hii si habari ya nchi za mbali.

Yakupasa kuyajua mambo haya juu ya sumukuvu:

Kwanza, haionekani wala hainuki. Kuvu huonekana mara nyingine, lakini sumu yenyewe huenea hata mahali ambapo hapana rangi. Kubandua sehemu ya kijani hakutoshi, kama alivyoona mzee yule.

Pili, haifi kwa kupikwa. Kuchemsha, kukaanga na kuoka kwa moto wa jikoni hakuiondoi.

Tatu, karanga mbovu zikikamuliwa, sehemu kubwa ya sumu haiendi na mafuta. Hubaki katika mashudu. Nalo ndilo kosa la wengi. Mtu huuza karanga nzuri, zile mbovu huziweka za kukamua, akisema, "Ni za mafuta tu." Kumbe amekusanya sumu yote katika mashudu, kisha huyapeleka kwa mifugo yake au katika chungu chake.

Nne, sumu nyingi kwa mara moja huua; sumu kidogo ya kila siku hudhuru ini polepole, na huleta saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye homa ya ini ya aina ya B. Ng'ombe akila mashudu yenye sumu, sehemu yake hutoka katika maziwa, na maziwa hayo hunywewa na watoto.

Tano, huanzia shambani. Karanga zikipatwa na ukame mwishoni mwa kukomaa kwake, au zikipasuka kwa jembe na kuliwa na wadudu, kuvu huingia. Nasi wa nyanda za kati twajua ukame ulivyo. Basi vuna kwa wakati, anika mara moja juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo, mpaka ukitikisa ganda usikie punje zikigonga ndani. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, chini ya paa lisilovuja.

Punje mbovu ulizozichagua usiwape kuku. Zichome au uzifukie.

9. Mashudu yasiyoliwa kabisa

Mashudu ya nyonyo, ambayo wengine huita mbarika, yana sumu kali sana. Mtu asiyale, wala mbuzi, wala kuku. Ni mbolea nzuri: yafukie ardhini kando ya mazao, yasionekane juu, ili mbwa na mbuzi wasiyafikie. Vifaa vya kukamulia nyonyo visitumiwe kwa karanga.

Mashudu ya pamba, yatokayo mikoa ya upande wa Ziwa, yana kitu kinachodhuru watu, nguruwe na kuku. Ng'ombe mzima huyastahimili kwa kiasi. Kwa hiyo yaachiwe ng'ombe.

10. Mifugo na shamba

Mashudu makavu ya alizeti yaliyotoka mashineni, yasiyo na kuvu, ni chakula kizuri cha ng'ombe wa maziwa, hasa toka Agosti hadi Novemba, majani yanapokuwa yamekauka. Changanya debe 7 za pumba na debe 3 za mashudu, utie chumvi kidogo. Kuku watagao waweza kupewa pia, kwa kiasi, maana maganda huwajaza bila kuwalisha. Mtu mwenye mayai na maziwa nyumbani amekwisha kuyageuza mashudu kuwa chakula cha mtoto, na hiyo ndiyo njia iliyo nyepesi kwa walio wengi wasio na nafasi ya kukamua kwa mikono.

Maganda ya karanga yatandazwe shambani kuhifadhi unyevu. Mashapo yaliyotuama chini ya mafuta hufaa kwa sabuni. Mashudu yaliyoharibika yafukiwe shambani.

Tena, unapokwenda mashineni, patana kabla mbegu hazijaingia. Uliza: ujira ni kiasi gani ukichukua mashudu yako, na ni kiasi gani ukiyaacha? Mwenye mashine hafanyi kosa kupokea unachomwachia. Lakini mtu asiyejua bei ya kitu chake hukitoa bure.

11. Kanuni kwa ufupi

1. Mashudu ya mashine ni ya mifugo. Mashudu ya nyumbani, ya karanga zilizochaguliwa, ni ya watu.
2. Chagua karanga kabla ya kukamua. Sumu haiondoki baadaye.
3. Mashudu mabichi yapikwe, yakaangwe au yakaushwe siku ile ile.
4. Changanya mashudu na kunde na nafaka. Moja pekee halitoshi.
5. Yakiwa na kuvu, harufu mbaya au uchungu usio wa kawaida, yafukie yote. Usibandue.
6. Usiyaweke chini wala ukutani.
7. Mashudu ya nyonyo ni ya udongo tu.

Ndugu zangu, mababu zetu walipita njaa nyingi katika nchi hii, na ile ya Mtunya, katika miaka ya 1917 hadi 1920, bado yatajwa na wazee. Hakuna aliyesalimika katika siku kama zile kwa kutupa chakula. Basi msimu huu, kabla ya kuacha mashudu yako mashineni, yahesabu. Na kabla ya kuyatia katika chungu, yachunguze. Ukikosa kuyahesabu utapata hasara ya fedha. Ukikosa kuyachunguza utapata hasara isiyolipika.